Sarafu Yenye Alama ya Kidole

Watu wengi wakiokota sarafu ya zamani, jambo la kwanza ni kuisugua. Hawawezi kujizuia. Wakiona imeota rangi, mkono unakwenda wenyewe kwenye majivu, kwenye ndimu, kwenye dawa ya meno, na roho zao hazitulii mpaka kitu king'ae. Fundi Miwani aliwaita watu hao wauaji. Aliwaita hivyo mbele ya wageni, kikombe cha chai mkononi, wala hakuwa anatania.

Yeye alikuwa na lake. Sarafu ya fedha halisi, alisema, ukiiweka mahali pakavu ndani ya bahasha ya karatasi na ukaiacha na mambo yake, hewa yenyewe itaitia rangi. Itaanza na manjano hafifu, ya chai iliyozidi maziwa. Miaka ikipita utaingia wekundu, kisha zambarau, kisha buluu ambayo hakuna duka la rangi linaloiuza. Uzuri wote ulikuwa hapo, kwamba hakuna mtu aliyeipaka. Ukiisugua mara moja tu, miaka yote hiyo imekwenda na maji. Kwa hiyo kabati lake fupi lenye droo nyembamba lilikuwa na sheria nyingi kushinda mahakama. Droo haifunguliwi dirisha likiwa wazi. Hakuna kupiga chafya karibu. Hakuna kushika sarafu kwa mkono mtupu, hata awe nani. Mwenyewe alizishika ukingoni, amevaa glavu nyeupe, amebana pumzi. Mkewe, aliyekuwa akishona sare za shule kwenye chumba cha mbele, alisema laiti angezaliwa sarafu, angeolewa vizuri zaidi. Siku zile utani ulikuwa bado upo nyumbani humo.

Mtoto wao wa pekee walimwita Chiriku, kwa kuwa tangu alipojua kusema hakujua kunyamaza. Aliongea akila, aliongea akioga, aliongea na cherehani ya mama yake. Siku moja baba yake aliacha trei ya sarafu mezani, akatoka mara moja kufuata miwani yake, na aliporudi alimkuta Chiriku amepanda kiti, amekandamiza kidole juu ya sarafu ambayo baba huyo aliipenda kuliko zote, yenye kichwa cha mfalme ambaye hakuna aliyemkumbuka. Alitaka kuona kama rangi inatoka.

Fundi alipiga kelele mpaka majirani wakachungulia nje. "Nani kakwambia ushike? Nani?" Chiriku aliingia chini ya meza ya cherehani na kwa mara ya kwanza maishani mwake hakusema kitu. Mama yake alisema, "Ni kidole tu, baba. Si shoka." Fundi alikuwa ameshaweka lenzi jichoni, anaikagua sarafu upande huu na upande ule. Haikuwa na kitu. "Imenusurika," akatangaza. Usiku ule alijionea aibu, na kesho yake akamletea mtoto pipi, akadhani wamemalizana.

Mvua zilipoanza, Chiriku alishikwa na homa, na homa ikamchukua. Hadithi yenyewe haina urefu zaidi ya huo, na waliotaka irefushwe hawakumpata Fundi wa kuwasimulia.

Fundi hakulia. Makaburini alikuwa akitazama sepetu moja iliyolegea mpini, akifikiri kwamba ingehitaji kabari ndogo tu. Watu walimpa mkono, naye aliwapa mkono. Waliposema pole alisema asante, kwa sauti ileile aliyowaambia nayo wateja kwamba miwani yao itakuwa tayari kesho. Alirudi kazini mapema mno. Alisaga vioo vya miwani kutwa nzima na hakukosea hata kimoja, na hilo ndilo lililowatisha wenzake. Wenzake wakicheka, alicheka nao, amechelewa kidogo. Chakula kilikuwa kinaingia tu mdomoni, kiwe na chumvi kisiwe na chumvi. Hakuwa na huzuni. Angekuwa nayo angeshukuru, maana huzuni ni kitu. Alikuwa amekufa ganzi kutoka utosini mpaka kwenye nyayo, na aliishi humo ndani kwa utulivu kama mpangaji asiyesumbua mtu.

"Huyu shemeji yangu ameumbwa kwa saruji," alisema dada mkubwa wa mkewe, na hakupunguza sauti.

Mkewe alikwenda njia nyingine kabisa. Siku ya mazishi yenyewe, kwa kuwa watu walikuwa wanakuja, alichukua ndoo na sabuni akaosha kuta, kama alivyokuwa akiosha kila nyumba ilipotarajia wageni. Kwenye ukuta wa chumba cha mbele, chini, kimo cha mtoto, kulikuwa na madoa ya viganja vya Chiriku, mafuta juu ya mafuta, ambayo miaka yote alikuwa akiyalalamikia. Aliyasugua yakatoka. Alirudi nyuma hatua moja aitazame kazi yake, ndipo akili ikamrudia. "Nimemfuta," akasema. Kisha akapiga kelele, "Nimemfuta mwanangu kwa mikono yangu!" na akaanza kugonga paji la uso kwenye ukuta uliolowa, mpaka dada yake na jirani wakamshika huku na huku wakamlaza chini. Tangu hapo hakuweza kushika sabuni wala brashi. Akiiona ndoo, mikono ilimtetemeka. Fundi alifua, akaosha vyombo, akapiga deki, na hakuliona kuwa jambo la kutajwa.

Tatizo lingine lilikuwa majina. Mtaani walizoea kuitwa Baba Chiriku na Mama Chiriku, na sasa watu walifika mlangoni, wakafungua mdomo, wakakwama. Wengine waliamua kumwita yeye Fundi, tena Fundi wa watu wote. Mkewe walimwita "dada", hata waliokuwa wadogo zake kwa mbali. Nyumbani waliitana "wewe".

Ilikuwa mchana mmoja, mkewe akiwa amekwenda kununua uzi, Fundi alipofungua ile droo kwa mazoea tu, bila hamu. Akaitoa sarafu ya mfalme kwenye bahasha. Ukingoni, juu ya manjano iliyokuwa imeanza kuingia wekundu, palikuwa na doa la zambarau. Akaweka lenzi jichoni. Doa likafunguka likawa mistari, mistari myembamba iliyopindana, nusu ya ncha ya kidole. Kidole kidogo.

Yeye anayejua fedha alielewa papo hapo. Mafuta ya ngozi hayaonekani siku ile ile. Yanakaa kimya, na hewa inapoitia sarafu rangi, pale yalipogusa panashika rangi nyingine. Siku ile alisema imenusurika, kumbe ilikuwa imeshachukua chake. Katika nyumba nzima, iliyooshwa kuanzia sakafuni hadi ilipofika mikono ya mama mtu, mahali pekee ambapo Chiriku alikuwa amebaki ni hapo, ukingoni mwa sarafu, kwa sababu hapo palikatazwa kusuguliwa.

Fundi alikaa nayo mpaka glavu zikalowa jasho. Kuna kitu kilimgusa kifuani, kidogo, kwa mbali, halafu kikaondoka. Alipomsikia mkewe mlangoni akairudisha kwenye bahasha, akafunga droo.

Aliipeleka kwa Hakimu. Huyu alikuwa na duka la fotokopi, naye mgonjwa wa sarafu kama yeye, na jina hilo alipewa kwa sababu ndiye aliyeamua ni rangi ipi imekuja yenyewe na ipi imepikwa. Alikuwa na visa vyake, na alichopenda kuliko vyote ni cha bwana mmoja aliyefungia sarafu kwenye mfuko na mayai ya kuchemsha ili zipate buluu ya haraka, akaja kuziuza zikinuka kiamsha kinywa.

"Hii imeharibika," Hakimu alisema, lenzi iko jichoni. "Ina dole. Nani kashika?"

Fundi alikuwa akiikunja na kuikunjua bahasha tupu.

"Tena dole lenyewe dogo..." Hakimu aliitoa lenzi jichoni. Mashine ya fotokopi ilitema karatasi zake mpaka zikaisha, na hakuna aliyezitoa. "Loo," akasema. "Loo, ndugu yangu."

"Asante," Fundi akasema.

"Mama yake ameiona?"

"Bado. Kwa macho matupu ni doa tu. Nasubiri ikolee, buluu ikiingia mistari itaonekana bila lenzi. Nataka nimwonyeshe ikiwa imekamilika."

"Unasubiri? Unaivundika kama ndizi?" Hakimu aliinua sauti, halafu akaishusha. "Wewe unajua kuliko mimi. Fedha haisimami unapotaka wewe. Leo zambarau, kesho buluu, mbele ya safari nyeusi tii, na dole linakwenda humo humo. Mpe lenzi, mwonyeshe leo."

"Nitamwonyesha."

"Leo, nimesema."

"Nitamwonyesha, Hakimu."

Hakumwonyesha. Wakusanyaji wa aina hii wana ugonjwa mmoja, nao ni kusubiri. Maisha yao yote wamefundishwa kwamba anayengoja ndiye anayepata rangi nzuri, na anayefanya haraka ndiye muuaji. Mtu mwingine angekimbia nyumbani na sarafu mkononi. Fundi aliipa wiki nyingine, halafu nyingine. Na kulikuwa na mengine, tusimpake mafuta. Kumwonyesha mkewe kidole kile kulikuwa ni kumkumbusha kelele zile na mtoto aliyejificha chini ya meza. Isitoshe, dakika zile alizokuwa peke yake na sarafu ndizo pekee ambazo kitu kilimgusa kifuani, na alikuwa na choyo nazo. Kila alipofunga droo alijiambia, bado kidogo.

Mkewe hakujua lolote kati ya hayo. Alichokiona ni mwanaume anayekula, anayelala, anayefua, anayekwenda kazini. Jioni moja, akiwa ameegemea cherehani asiyoitumia, alimwuliza bila kumtazama, "Hivi wewe huumii?"

Fundi alifikiri kweli kweli, kwa sababu alikuwa mtu wa kweli. "Sijui," akasema.

"Hujui."

"Nasikia kama sipo."

Mkewe alitikisa kichwa. "Dada anasema niende kwake. Nikakae huko. Si kutembea, ni kukaa."

Mwanaume mwenye akili zake angejua hapo kwamba anaombwa akatae. Fundi alisema, "Nenda ukapumzike. Itakusaidia." Alisema kwa upole, tena kwa nia njema, na mkewe akamwangalia kwa muda mrefu kama mtu anayesoma kibao cha duka lililofungwa. Siku mbili tatu zikapita. Begi likaonekana nyuma ya mlango, nusu limejaa.

Halafu ikaja siku ile aliyorudi kutoka kazini na kukuta nyumba inanuka ndimu.

Mkewe alikuwa amekaa kwenye kiti cha cherehani. Mbele yake kulikuwa na sinia kubwa, na juu ya sinia sarafu zimepangwa safu kwa safu, nyeupe pe, zote sawa. Bahasha tupu zilikuwa sakafuni. Kando kulikuwa na bakuli la majivu na maganda ya ndimu yaliyokamuliwa, na waya wa kusugulia sufuria. Mikono yake ilikuwa imevimba na kuwa myekundu.

"Nimezisugua," akasema. "Droo ya juu mpaka ya chini."

Fundi aliweka mfuko wake chini. "Naona," akasema.

"Unaona!" Mkewe alicheka, kicheko kisichokuwa na furaha ndani yake. "Miaka yote ya ndoa yetu unaniambia anayesugua sarafu ni muuaji. Haya, mimi ndiye huyo. Nimekaa hapa na majivu, mimi ambaye siwezi hata kushika sabuni, nimetetemeka mpaka nikazoea. Nimefanya makusudi. Sema neno basi."

Fundi alikuwa akiitafuta kwa macho kwenye sinia. Zote zilikuwa zinameta.

"Chiriku aligusa moja, kwa kidole kimoja, ukapiga kelele mtaa mzima ukasikia. Mimi nimemaliza zote. Nigombeze na mimi! Vunja hata kikombe. Nataka tu nijue kama humo ndani bado kuna mtu."

Alisubiri. Kisha akaanza kuongea kwa kasi, akitazama viganja vyake.

"Na ujue nilikuwa nimeghairi. Asubuhi nilifungua droo nikasema hapana, hili siwezi kumfanyia. Halafu nikaiona ile ya mfalme wenu ina doa la kidole pale ukingoni, la zambarau. Ile uliyosema imenusurika, haina kitu, niliiona kwa macho yangu ikiwa safi. Nikasema, ahaa, siku hizi anazishika hovyo. Hata hizi hazijali tena. Basi nikaanza na hiyo. Dole lenyewe bishi! Limenitoa jasho, nimerudia na ndimu mara..."

Viganja vikabaki hewani.

Aliyewahi kukalia mguu ukafa ganzi anajua kwamba maumivu hayaji pale mguu unapokufa ganzi, yanakuja damu inaporudi. Ilimrudia Fundi yote kwa pamoja, amesimama katikati ya chumba. Mtoto wake amekufa. Hayupo chini ya meza, hayupo ukutani, hayupo kwenye droo, hatapanda kiti tena. Alitaka kuanguka chini na kugaagaa na kumwambia mwanamke huyu, niko humu ndani, nipo, tazama. Miezi yote ile hakuwa na uchungu wa kuficha. Sasa alikuwa nao.

Kwa sababu mkewe alikuwa ameinua uso. Macho yake yaliiacha sinia, yakaenda ukutani, pale chini, yakabaki hapo. Midomo yake ilikuwa wazi kidogo. Kuna jambo lilikuwa linamjia polepole, naye alikuwa anaogopa kulitazama.

"Lilikuwa lako," akasema. Halafu, kwa sauti nyingine kabisa, "Lile dole. Lilikuwa lako, sivyo?"

Maneno mawili tu yalihitajika, si langu, na mkewe angejua kila kitu. Angejua kwamba mumewe anaumia, na kwamba ameumia muda wote huu mahali ambapo hata yeye mwenyewe hakuweza kupafikia. Begi lingefunguliwa. Na angejua pia alichokuwa anakisugua kwa waya na ndimu tangu asubuhi, mpaka kikatoka.

"Langu," Fundi akasema. "Juzi niliitoa nikasahau glavu."

"Ulisahau glavu."

"Ndiyo."

Mkewe alishusha pumzi. Ule woga ulimtoka usoni, na Fundi aliutazama ukitoka, na mahali pake ukaja uchovu wa kawaida. "Basi sikukosea," mkewe akasema. "Hata hizi hujali."

Fundi alijikaza kisabuni. Alijua akifungua mdomo kwa sentensi ndefu sauti itamkatika. "Zimependeza," akasema.

Mkewe aliinuka, akanawa mikono, akajifunga kitambaa kichwani, akatoa begi nyuma ya mlango. Lilikuwa zito. Fundi alimpokea, akalibeba mpaka barabarani, na njia nzima mkewe alikuwa mbele, haongei. Gari lilisimama. Fundi aliliingiza begi, akahakikisha mlango umefungwa vizuri, akasema msalimie dada.

Mkewe alimtazama kupitia dirishani. "Ungenigombeza tu," akasema, "ningebaki."

Gari likaondoka. Fundi alibaki amenyoosha mkono wa kuaga mpaka lilipokata kona. Akakaa kwenye ukingo wa barabara, na akalia kwa sauti kubwa, mdomo wazi, kamasi zinamtoka. Watu walipita wakigeuza shingo. Mwanamke mmoja aliyekuwa na mkate kwapani alisimama, akainama.

"Baba, kuna nini?"

"Nimefiwa na mwanangu."

"Uuwi, masikini. Pole, baba yangu, pole sana. Lini?"

Fundi alijifuta pua kwa kiganja.

"Leo," akasema.